Nani kamwambia mwanangu magari ni ya wavulana? Maswali yenu kuhusu watoto wa nasari

Wasomaji wangu, maswali mengi yaliyoingia safari hii yanahusu jambo moja, watoto wadogo wanaorudi kutoka chekechea na darasa la kwanza wakiwa tayari wanajua kipi cha wavulana na kipi cha wasichana, na wazazi wanabaki wanajiuliza haya yametoka wapi. Ni jambo ambalo limenikaa moyoni miaka yote niliyofundisha watoto kwa hiyo mtanisamehe nikiandika sana. Nimejibu sita, mengine yanafanana, kama lako halipo soma la mwenzio.

SWALI: Habari Mwalimu. Binti yangu ana miaka mitano na nusu. Kabla hajaanza shule alikuwa anacheza na kila kitu, vigari vya kaka yake, mpira, midoli, yote sawa tu. Sasa hivi hata kugusa gari hataki, anasema "hiyo ya wavulana", anataka gauni tu hata la kulalia na kila kitu kiwe pinki. Sisi nyumbani hatujawahi kumwambia hivo na baba yake anapika kama mimi ninavyopika. Ni mwalimu wake ndo kamfundisha? Niende nikaongee nao? (Mama Binti)

JIBU: Mama, kabla ya kwenda shuleni tulia kwanza, maana inawezekana kabisa hakuna mtu aliyekaa chini akamfundisha hayo. Binti yako kayakusanya mwenyewe. Mtoto wa umri huo kazi yake kubwa ni kutafuta kanuni, anaangalia nani anafanya nini, nani anakaa wapi, nani anaitwa kubeba viti na nani anaitwa kupanga vitabu, halafu anatunga sheria yake, na sheria za mtoto wa miaka mitano hazina "inategemea", ni ndiyo au hapana basi.

Mwanasaikolojia wa Marekani Lawrence Kohlberg aliandika mwaka 1966 kwamba mtoto anaielewa jinsia kwa hatua. Kwenye miaka miwili mitatu anajua mimi ni msichana au mimi ni mvulana. Baadae kidogo, miaka minne hivi, anaanza kuelewa kwamba akikua atakuwa mwanamke, haitabadilika njiani. Ila kwamba haibadiliki hata avae nini na achezee nini, hilo linachelewa, linakuja kukaa sawasawa miaka sita saba hivi. Sasa binti yako yuko hapo hapo katikati, anajua ni msichana na anajivunia, lakini nini hasa kinamfanya awe msichana bado hajakielewa vizuri, kwa hiyo anashikilia kwa nguvu kile kinachoonekana kwa macho, gauni na pinki. Ukali huu kwa watoto wengi unafika kileleni kwenye miaka mitano sita halafu unaanza kulegea wenyewe, na unawapata hata watoto ambao wazazi wao wanagawana kazi zote za nyumbani kama nyie.

Halafu kuna hili, na kwangu ndo la muhimu zaidi. Mwaka 1981 mwanasaikolojia mwingine, Sandra Bem, alieleza kwamba mtoto akishajua dunia imegawanywa mafungu mawili, kila anachokutana nacho anakipeleka kwenye fungu, "chetu" au "chao". Na kikishaingia "chao" anaacha kukiangalia. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliwapa watoto vitu ambavyo hawajawahi kuviona, vingine wakasema ni vya wavulana, vingine vya wasichana, vingine vya wote, yani majina tu wamebandika hovyo. Watoto walivishika na kuvichunguza zaidi vile vilivyoitwa vya kwao, na wiki moja baadae ndo hivyo walivyokumbuka vizuri zaidi. Fikiria maana yake, mtoto anaacha kujifunza kitu kwa sababu ya jina lililobandikwa, uwezo wala hamu haihusiki. Ndo kinachoniuma mimi. Pinki yenyewe hainisumbui.

Kwa hiyo fanya hivi. Gauni mwachie avae, usigombane nae kwa hilo, atalichoka. Lakini ile sheria usiiache ipite. Akisema "gari ni ya wavulana" mjibu kawaida tu bila hotuba, "gari ni la anayetaka kucheza", halafu kaa chini ucheze nalo wewe mwenyewe, wewe mama, na baba nae ashike mdoli. Shuleni nenda, ila nenda kuangalia na kuuliza: kona ya bloki na magari nani huwa anakaa hapo, wasichana wanapelekwa zamu ya kucheza hapo au wanaachwa wachague wenyewe kila siku? Maana wakiachwa tu wenyewe siku zote kona inakuwa ya kundi moja na kundi lingine haliingii tena, na bloki na pazo zinahusiana na uwezo wa kuona maumbo kichwani ambao baadae unasaidia kwenye hesabu, sio kitu cha kumkosesha mtoto.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha watoto wa miaka minne na mitano. Naanza siku na "habari za asubuhi wavulana, habari za asubuhi wasichana", foleni mbili kwenda kunawa mikono, na wakati wa maswali nawashindanisha, wavulana pointi ngapi wasichana pointi ngapi, na darasa linachangamka kweli kweli. Mratibu mpya ananiambia niache eti nawafundisha ubaguzi. Sijawahi hata siku moja kusema wasichana ni duni. Kuna ubaya gani au ni mambo ya semina tu? (Ticha wa Chekechea)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mratibu wako yuko sahihi, ingawa neno ubaguzi angeweza kulitafutia njia nzuri zaidi maana najua hukuwa na nia hiyo na mistari miwili inarahisisha kazi ukiwa peke yako na watoto wote hao.

Nikueleze jaribio moja ambalo nadhani kila mwalimu wa watoto angelijua. Rebecca Bigler na wenzake, matokeo yakatoka mwaka 1997, waliwavalisha watoto wa shule ya msingi tisheti za rangi mbili, bluu na njano. Kwenye madarasa mengine walimu waliambiwa wazitumie zile rangi kwenye kazi za kila siku, kupanga viti, kupanga foleni, kuwaita, "bluu njooni, njano subirini". Kwenye madarasa mengine watoto walivaa tisheti zile zile lakini mwalimu hakuzitaja hata kidogo. Hakuna mwalimu aliyesema bluu ni bora au njano ni wajinga. Baada ya wiki chache wale ambao rangi ilitumika kuwapanga wakaanza kuona kundi lao ni zuri zaidi kuliko lile lingine. Wale ambao tisheti hazikutajwa, hamna kitu, wanaishi tu.

Umeona hapo? Kilichofanya kazi ni kule kuzitumia rangi kupanga mambo. Mtoto anajiuliza kichwani, mtu mzima ninayemwamini kila akitupanga anatumia hiki, basi hiki lazima ni kitu kikubwa, ngoja nitafute tofauti iko wapi. Na akitafuta tofauti ataipata, na asipoipata ataitunga.

Ukisema hizo ni tisheti tu, mwaka 2010 Lacey Hilliard na Lynn Liben waliingia kwenye chekechea kabisa, watoto wa umri wa hao wako. Kundi moja la madarasa walimu waliendelea bila kutaja jinsia, kundi lingine walimu wakawa wanafanya kama unavyofanya wewe, foleni za wavulana na wasichana, kuwaita kwa jinsia, kubandika kazi zao ubaoni upande huu na upande ule. Wiki mbili tu. Baada ya wiki mbili wale wa kundi la pili wakawa na mawazo magumu zaidi kuhusu nani afanye nini, na wakapunguza kucheza na watoto wa jinsia nyingine. Sasa wewe unao mwaka mzima, na kabla yako kuna mwalimu mwingine na baada yako yupo mwingine.

Na hili la kucheza pamoja usilichukulie dogo. Eleanor Maccoby, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza watoto, alikuta na mwenzie kwamba watoto wa miaka minne na nusu wanatumia kama mara 3 ya muda wao kucheza na wa jinsia yao kuliko na wa jinsia nyingine, na wale wale wakifika miaka sita na nusu inakuwa mara 11. Mara 11! Kuna upande wanaojitenga wenyewe, sikatai, watoto hufanya hivyo hata pasipo mtu kuwaambia. Ila kuna watafiti wengine, Carol Martin na Richard Fabes, mwaka 2001 walionyesha kwamba kadiri mtoto anavyokaa zaidi na wa jinsia yake peke yao ndivyo tabia zake zinavyozidi kwenda upande huo, wavulana wanazidi kuwa wakorofi na wenye nguvu nyingi, wasichana wanazidi kuwa watulivu na kukaa karibu na mwalimu. Kwa hiyo ile tofauti unayoiona mwisho wa mwaka na kusema "unaona, ndo walivyo", sehemu yake imelelewa hapo hapo darasani.

Hebu jiulize ungeweza kusema "habari za asubuhi wanene, habari za asubuhi wembamba"? Ungeweza kushindanisha pointi za waliozaliwa wa kwanza na waliozaliwa wa mwisho kila siku mwaka mzima? Ungeona mwenyewe haifai, na ungejua kwa nini.

Cha kufanya ni rahisi na darasa litachangamka vile vile. Foleni tumia mwezi wa kuzaliwa, au herufi ya kwanza ya jina, au wenye viatu vya kamba na wasio na kamba, na hapo hapo wanajifunza herufi na miezi. Lakini badilisha badilisha, hiyo ndo muhimu, maana ukiwaweka "timu simba" na "timu chui" mwaka mzima umerudia ile ya tisheti. Mashindano changanya timu na kesho changanya tena. Salamu, "habari za asubuhi watoto", imeisha. Na wakati wa kucheza ukiona mvulana na msichana wanajenga kitu pamoja simama hapo, wasifie kwa sauti hicho wanachojenga. Hii imejaribiwa toka mwaka 1977 na Lisa Serbin na wenzake, walimu waliposifia michezo ya pamoja watoto wakachanganyika zaidi, na walimu walipoacha watoto wakarudi kule kule walikokuwa. Yani usiifanye wiki moja ya kumfurahisha mratibu halafu basi, iwe ndo tabia yako ya darasani.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mapacha, wa kike na wa kiume, darasa moja mwalimu mmoja. Ripoti imekuja, wa kike kaandikiwa "mtulivu, msafi, mwandiko mzuri", wa kiume "mtundu, hatulii, ila ana akili sana, aongeze bidii". Mimi ninayeishi nao najua anayesoma vizuri zaidi ni wa kike, tena kwa mbali. Au najisumbua bure? (Mama Mapacha)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujisumbui hata kidogo, na hiyo ripoti itunze.

Hapo wa kike kasifiwa kwa vile anavyokaa na wa kiume kasifiwa kwa kile kilichoko kichwani. Na mwalimu aliyeandika nakuhakikishia anawapenda wote wawili sawa. Macho yetu watu wazima ndo yamezoeshwa. Mwaka 1976 John na Sandra Condry waliwaonyesha watu wazima video ya mtoto mchanga mmoja, yule yule, kimchezo kinachoruka kwenye boksi kinamshtua analia. Walioambiwa ni mvulana wengi walisema kakasirika, walioambiwa ni msichana wakasema kaogopa. Mtoto mmoja, kilio kimoja.

Darasani inakwenda hivi. Serbin huyo huyo niliyemtaja juu, na wenzake, mwaka 1973 waliwaangalia walimu wa chekechea wakiwa kazini. Mvulana akifanya fujo mwalimu anageuka haraka, anamkaripia mbele ya wote, ila pia mvulana ndo anayeelekezwa zaidi jinsi ya kufanya kazi yenyewe, popote alipo chumbani. Msichana anapata umakini wa mwalimu zaidi akiwa karibu, pembeni yake. Sasa mtoto anajifunza nini kwa mwaka mzima? Wa kiume anajifunza kelele zinaita mtu mzima, wa kike anajifunza akitaka kuonekana abaki karibu na awe mzuri. Na inaanza mapema kuliko tunavyodhani, Beverly Fagot na wenzake mwaka 1985 walifuatilia watoto waliokuwa na mwaka mmoja na kidogo tu. Mwanzoni wavulana na wasichana walikuwa hawana tofauti kwenye kusukumana na kujaribu kuwasiliana. Lakini walezi walikuwa wanawaitikia wasichana wakiongea kwa upole na wavulana wakitumia nguvu. Karibu mwaka mmoja baadae tofauti ikawa ipo.

Nenda kwa mwalimu na hiyo ripoti kwa upole kabisa na umuulize mambo yanayohesabika: kila mmoja anasoma maneno gani, anahesabu mpaka ngapi, wiki hii kila mmoja kaitwa ubaoni mara ngapi. Mwalimu mzuri akiulizwa hivo ataangalia tena mwenyewe. Na mwanao wa kiume usimsahau kwenye hili, watu wengi wanaona wa kike tu ndo kaumia. Huyo nae anaambiwa kwamba kutulia sio sifa yake na kwamba akili anayo hata asipofanya kazi, na mtoto anayeamini hivo kuja kusoma kwa bidii baadae ni kazi kubwa sana. Nyumbani mgeuzie, msifie siku aliyokaa akamaliza kitu, na dada yake msifie siku aliyouliza swali gumu au aliyobishana na wewe kwa hoja.

SWALI: Mwalimu mi nina kijana wangu wa miaka minne, nikienda kumchukua shule namkuta kona ya jikoni, kabeba mdoli anaulisha. Wenzie wameanza kumcheka, wanamwita msichana. Mama yake anasema nimuache. Naogopa asije akaharibika. Nimhamishe shule au niwaambie walimu wamkataze? (Baba Kijana)

JIBU: Baba, usimhamishe na usimkatazishe. Naelewa hofu yako, najua inatoka kwenye kumpenda na kutotaka achekwe, ila mtoto wako haharibiki kwa kulisha mdoli. Watoto wanaigiza wanaowalea, na huyo anajifunza kuhudumia, kuongea na mwingine, kupanga hatua, kwanza hiki halafu kile, tena huwa wanaongea sana kwenye ile kona na lugha inakua. Kesho utamkuta kwenye bloki. Na asipokuwepo kwenye bloki bado ni mwanao.

Nikwambie kitu ambacho kina baba wengi hawakijui kuhusu wenyewe. Mwaka 1980 Judith Langlois na Chris Downs waliwaangalia wazazi wakati watoto wao wa umri wa nasari wanacheza, na kina baba ndo waliokemea au kuingilia zaidi mtoto akishika kichezeo "cha jinsia nyingine", hasa mtoto wa kiume. Kina mama walikuwa wanawaachia zaidi. Kwa hiyo uso wako hapo mlangoni unapoenda kumchukua mtoto anausoma, amini, na wenzie wanausoma pia. Mvulana wa miaka minne akishajua kwamba kuna kitu anakipenda ila lazima akifiche baba asikione, hicho ndo kinaharibu. Ukifika kesho ingia, kaa kwenye kale kakiti kadogo, akikupa kikombe kitupu pokea unywe.

Kuchekwa ndo tatizo lenyewe na hapo walimu wanahusika kabisa. Watoto wa umri huu wanasimamiana wao kwa wao kuliko hata watu wazima wanavyowasimamia, wanakumbushana sheria siku nzima, na mwalimu akinyamaza wanajua sheria imepitishwa. Mwombe mwalimu aseme pale pale inapotokea, sentensi moja tu, sio kikao. Na mtoto mfundishe cha kujibu. Kuna utafiti wa mwaka 2009 wa Lindsay Lamb na wenzake ambapo watoto walifundishwa majibu mafupi ya kuwajibu wanaowatania hivi na wakayafanyia mazoezi kabisa, kwa kuigiza, na waliofanya mazoezi waliweza kujibu kuliko wale waliosomewa tu hadithi za watoto wenzao wakijibu. Kwa hiyo igizeni nyumbani, wewe uwe yule anayecheka, yeye ajibu "kila mtu anacheza anachotaka", tena na tena mpaka itoke bila kufikiri. Mtacheka wote na kijana atarudi shule na silaha yake.

SWALI: Mbona mnatusumbua, mvulana kazaliwa mvulana, hata umfungie ndani bila shule atapenda magari. Si ni maumbile? (Msomaji wa Siku Nyingi)

JIBU: Kuna ukweli ndani yake na siukatai. Wasichana waliokutana na homoni za kiume nyingi kuliko kawaida wakiwa tumboni huwa wanapenda zaidi vichezeo vya wavulana, hata pale wazazi wanapowahimiza kwenye midoli. Kwa hiyo mwili una neno lake. Lakini hizo ni tofauti za wastani, makundi mawili yanaingiliana sana na wastani haumwambii mwalimu chochote kuhusu mtoto aliyekaa mbele yake. Na hakuna homoni inayosema pinki, watoto wachanga hawachagui pinki kwa jinsia, tofauti inaanza kuonekana kwenye miaka miwili hivi na kuendelea, wakati ule ule wanapoanza kujijua. Wala hakuna homoni inayosema nani afute meza darasani na nani abebe viti. Hayo tunayapanga sisi.

SWALI: Mwalimu, mpwa wangu yuko darasa la pili, ninamsaidia homework. Juzi kakataa hesabu kasema "hizi ni za wavulana, wao ndo wana akili sana". Nimemwambia wasichana wanaweza hesabu kama wavulana, haijasaidia. Nimwambie nini? (Shangazi Mtu)

JIBU: Shangazi, kuna utafiti mmoja ambao ukiusoma unaumia. Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian, mwaka 2017, waliwasimulia watoto kuhusu mtu mwenye akili sana sana bila kusema ni nani, wakawaambia wachague picha ya huyo mtu. Wenye miaka mitano, wasichana walichagua wanawake na wavulana walichagua wanaume, kila mtu anavutia kwake, sawa. Wenye miaka sita, wasichana wakawa wamepungua kuchagua wa kwao. Na mchezo ukiitwa wa "watoto wenye akili sana sana" wasichana wa miaka sita na saba hawautaki kama wavulana, ila ukiitwa wa "watoto wanaojitahidi sana" wako sawa. Na hao hao wasichana walipoulizwa nani anapata alama nzuri shuleni walikuwa radhi kusema wasichana. Yani wanaona matokeo yao, ila neno "akili" wameshaligawa kwa wengine. Miaka mitano mpaka sita, ndo hapo kwenye kuanza shule.

Zamani ilikuwa wazi zaidi, David Chambers mwaka 1983 alitoa matokeo ya michoro ya watoto 4,807 walioambiwa wachore mwanasayansi, wanawake waliochorwa ni 28 tu na wote walichorwa na wasichana. Sasa imebadilika, uchambuzi wa mwaka 2018 wa tafiti za miaka 50 za Marekani unaonyesha wanawake wanachorwa zaidi sana na watoto wa miaka sita wanachora karibu nusu kwa nusu, ila kadiri wanavyokua shuleni wanaume wanazidi kuchorwa. Mabadiliko yanawezekana, hilo limenipa moyo sana.

Sasa ile sentensi yako. Uliisema kwa nia njema, lakini ukisema "wasichana wanaweza kama wavulana" umemfanya mvulana kuwa kipimo, Eleanor Chestnut na Ellen Markman walionyesha hilo mwaka 2018, watu waliosoma kauli ya namna hiyo walizidi kuona wavulana ndo wenye kipaji kwa asili. Tena Cimpian na wenzake mwaka 2012 waliona watoto wa miaka minne hadi saba wakiambiwa kundi fulani ni hodari kwenye mchezo wanafanya vibaya zaidi, hata kama kundi lililosifiwa ni lao. Kwa hiyo jinsia itoe kabisa kwenye mazungumzo ya hesabu. Mwambie kuhusu yeye na hilo swali lililoko mbele yake, "jana ulikwama hapa, leo umepita, ulifanyaje?" Mpe la juu kidogo ya uwezo wake ukae nae asihangaike peke yake.

Na wewe mwenyewe jiangalie shangazi, na mwalimu wake aangalie. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walifuatilia madarasa ya kwanza na ya pili yenye walimu wanawake, na pale mwalimu alipokuwa anaogopa hesabu, mwisho wa mwaka wasichana wake ndo waliokuwa na uwezekano zaidi wa kuamini kwamba wavulana ni wa hesabu na wasichana ni wa kusoma, na walioamini hivo walishuka. Wavulana hawakuguswa. Kwa hiyo ukikwama kwenye homework yake usiseme "mimi na hesabu hatuelewani toka zamani". Chukua kalamu uanze tena mbele yake, taratibu, aone unavyofuta na unavyorudia mpaka ikubali.